Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kazi ya Mpigaji wa Ala za Midundo wa Orkestra na Mwalimu wa Muziki Dodoma

Maswali yaliyomo humu nimeulizwa na wazazi wanaoleta watoto kujifunza, na wanafunzi wa sekondari wanaochagua njia ya maisha, na wanakwaya wanaonikuta nimebeba matoazi chini ya kwapa. Mimi ni mwalimu wa muziki jijini Dodoma, na ni mpigaji wa ala za midundo katika orkestra pale orkestra inapopatikana, jambo ambalo kwa mazingira yetu humaanisha safari. Majibu mengine ni marefu kwa sababu maswali yake huulizwa kwa wasiwasi, na mengine ni mafupi kwa sababu hayana mengi ndani yake.

Orkestra hiyo ni kama Sikinde?

Hapana, ingawa anayeuliza hivyo ana sababu. Kwa Mtanzania aliyekulia miaka ya 1970 na 1980, orkestra ni bendi ya muziki wa dansi: Mlimani Park Orchestra, iliyoundwa mwaka 1978 na kupata umaarufu kwa jina la Sikinde, au Orchestra Maquis, zenye magitaa, saksafoni, tarumbeta na waimbaji. Kwa Mzanzibari, neno hilohilo linaweza kumkumbusha kundi la taarabu lenye fidla, kanuni na akordioni. Ninayoizungumzia hapa ni orkestra ya simfoni, iliyokulia Ulaya, yenye wanamuziki 60 hadi 100 hivi waliogawanyika katika makundi manne, yaani ala za nyuzi, ala za kupuliza za mbao, ala za kupuliza za shaba, na midundo. Kundi la midundo huketi nyuma kabisa, na kwa kawaida lina mpigaji mmoja wa timpani pamoja na wengine wawili hadi wanne wanaogawana kila kitu kilichobaki. Anayewaongoza wote huitwa kondakta, naye, tofauti na yule wa daladala, hadai nauli, lakini ukichelewa kushuka atakuona.

Ala za midundo ni ngoma tu?

Ngoma ni sehemu tu. Kuna timpani, ambazo ni ngoma kubwa za shaba zenye umbo la sufuria na zinazotoa sauti za do, re, mi kama kinanda. Kuna ngoma ya snea, ile ndogo yenye nyaya zinazolia upande wa chini, ambayo kila mtu ameisikia kwenye gwaride, na kuna besi dramu. Kuna matoazi, ambayo msomaji wa Biblia anayafahamu tangu Zaburi ya 150, na matari, na pembetatu, na gongo kubwa ambalo wazee wa pwani wangeliona kuwa upatu uliokua kupita kiasi. Kisha kuna ala zenye vibao vilivyopangwa kama funguo za kinanda: zailofoni ya mbao, glokenspili ya chuma, vaibrafoni na marimba. Mpigaji wa orkestra hutarajiwa kuzimudu zote, na hata kupiga mluzi wa polisi, kutikisa bati la radi au kukwaruza mbao mbili zenye msasa, iwapo mtunzi ameandika hivyo.

Marimba hiyo ni marimba yetu ya Kigogo?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu mtu wa Dodoma akisikia neno marimba haoni vibao vya mbao. Anaona kisanduku kilichoshikwa mikononi, chenye vyuma vyembamba vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, ambacho Wagogo hukiita ilimba. Hiyo ndiyo ala iliyomfikisha Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu aliyeishi kati ya mwaka 1938 na 2003, kwenye majukwaa ya Ulaya na Marekani.

Marimba ya orkestra ni kitu kingine, lakini jina lake ni la Kibantu na asili yake ni Afrika. Watu waliochukuliwa utumwani walipeleka maarifa yake Amerika ya Kati, ambako Guatemala imeifanya ala ya taifa, na mwanzoni mwa karne ya 20 waundaji wa Marekani waliondoa vibuyu vya chini na kuweka mabomba ya chuma. Leo marimba kubwa ya oktava tano, yaani ngazi tano kamili za do hadi do, ina urefu unaopita mita mbili na nusu, na haiwezi kupita kwenye mlango wa nyumba zetu nyingi bila kufunguliwa vipandevipande.

Jambo moja linaziunganisha hizi mbili kwa namna inayonifurahisha kila ninapoionesha kwa wanafunzi. Ukiangalia ilimba kwa karibu utaona matundu madogo kwenye ubao wake, yaliyozibwa kwa utando mweupe mwembamba kama karatasi ya sigara. Utando huo hutolewa kwenye kifuko cha mayai ya buibui, na kazi yake ni kuifanya sauti iwe na mvumo kama wa nyuki. Marimba za jadi za Guatemala nazo zina utando wa namna hiyo kwenye visanduku vyake vya sauti, isipokuwa wao hutumia utumbo wa nguruwe. Waundaji wa ala za orkestra waliuona mvumo huo kuwa kasoro wakauondoa, na kwa maoni yangu walipoteza.

Mwalimu anayefundisha zote mbili awe mwangalifu na sikio. Sauti za Kigogo hufuata mpangilio wa asili wa harmoniki, yaani zile sauti ndogo zinazojitokeza zenyewe ndani ya sauti moja, na haziangukii pale zinapoangukia funguo za kinanda. Mwanafunzi aliyekulia Chamwino akiimba sauti fulani chini kidogo au juu kidogo ya kinanda, mara nyingi hajakosea, bali anaimba sahihi katika mfumo mwingine. Asahihishwe tu pale anapoimba katika mfumo wa kinanda, na aambiwe waziwazi kwa nini.

Mbona mpigaji hukaa muda mrefu bila kupiga? Analipwa kwa kukaa?

Analipwa kwa kuhesabu. Chukua Simfoni ya 9 ya mtunzi Dvořák, iliyotolewa mwaka 1893, ambayo huchukua dakika 40 hivi: katika sehemu yote ya nne, matoazi hulia mara moja tu, tena si kwa kishindo, bali kwa mgusano wa wastani unaoweza kumpita msikilizaji asiyekuwa makini. Mpigaji husubiri kwa uvumilivu wote huo, ananyanyuka mapema ili viatu visisikike, anayapasha joto matoazi kwa mikono, na anayagusanisha mahali pamoja tu panapofaa. Akikosea hakuna mara ya pili. Mpiga fidla aliyeteleza ana wenzake 15 wa kumfunika, lakini toazi halina wa kulifunika.

Upande wa pili kuna Bolero ya mtunzi Ravel ya mwaka 1928, ambamo mpigaji wa snea huanza tangu mwanzo kabisa, kwa sauti ya chini kabisa, na kurudia mdundo uleule wa vipimo viwili (kipimo ni kundi dogo la mapigo) mara 169 kwa dakika 15 hivi, akiongeza sauti polepole bila kuongeza mwendo. Nimewaona vijana hodari wa harusini, wanaoweza kuchangamsha ukumbi mzima, wakishindwa kufika nusu yake. Mikono haikuchoka, waliharakisha bila kujijua, kwa kuwa sauti ikipanda na damu nayo hupanda. Tofauti kati ya kupiga ngoma na kuishi kwa kupiga ngoma nimejifunza hapo.

Kuhesabu ni ujuzi unaofundishwa. Mimi humpa mwanafunzi kimya cha vipimo 32, naye huhesabu kwa kuanza kila kipimo na namba yake: moja-mbili-tatu-nne, mbili-mbili-tatu-nne, tatu-mbili-tatu-nne, huku akikunja kidole kimoja kila anapofika kipimo cha nane. Wakati huohuo mimi hupiga kinanda kwa makusudi ya kumvuruga. Wiki ya kwanza karibu kila mmoja hupotea katikati ya vipimo 18 na 22. Baada ya mwezi huacha kutegemea vidole na huanza kutegemea muziki wenyewe: anajua kwamba filimbi ikimaliza, zimebaki vipimo vinne.

Timpani hurekebishwaje sauti wakati wengine wanaendelea kupiga?

Kila timpani ina kanyagio la mguu linalokaza au kulegeza ngozi. Orkestra nyingi hutumia timpani nne, zenye vipenyo vya inchi 32, 29, 26 na 23. Mtunzi akidai sauti mpya katikati ya wimbo, mpigaji huinama mpaka sikio likaribie ngozi, huivuma ile sauti puani kwa siri, huigusa ngozi kwa ncha ya kidole, na huikanyaga hadi ngozi yenyewe ianze kuitikia mvumo wake. Anafanya hayo huku fidla 30 zikilia sauti tofauti mbele yake.

Kwa nini ajisumbue hivyo? Konseto ya fidla ya Beethoven ya mwaka 1806, yaani utunzi wa mpiga fidla mmoja akisindikizwa na orkestra, huanza na mapigo manne laini ya timpani peke yake. Hakuna ala nyingine inayosikika. Ikiwa timpani imeshuka kidogo, ukumbi mzima utajua kabla mpiga fidla hajanyanyua upinde.

Mwanangu hupiga meza, sufuria na ukuta kutwa nzima. Nimnunulie ngoma?

Subiri kwanza. Mtoto anayepiga kila kitu ana nguvu na furaha, lakini ishara anayoitafuta mwalimu ni nyingine: je, anaweza kuacha unapomwambia, na akianza tena, anaanza katika mwendo uleule? Mtazame pia kanisani au shereheni. Mtoto anayesimama karibu na wapigaji na kuwaangalia mikono kwa saa nzima bila kuomba kushika kijiti, huyo mlete.

Cha kuanzia ni ubao wa mazoezi, nao hauhitaji kuagizwa. Tafuta kipande cha ubao cha mraba, ukubwa wa sahani, kisha mwombe fundi wa tairi akukatie kipande cha tyubu ya lori iliyochakaa. Ivute juu ya ubao mpaka isiwe na mkunjo, ipigilie misumari midogo kwa upande wa chini, na usiipigilie juu, kwa sababu kijiti kitagonga kichwa cha msumari na kuvunjika ncha. Mpira wa lori unafaa kuliko wa baiskeli, kwa kuwa unene wake hurudisha kijiti polepole kama ngozi halisi. Vijiti viwe viwili vyenye uzito sawa: viviringishe mezani, na kinachoruka-ruka kimepinda, kirudishe dukani. Kwa miezi sita ya mwanzo hayo yanatosha, na majirani watakushukuru.

Ni lazima kusoma nota?

Kwa orkestra, ndiyo, na ziwe nota za mistari mitano. Wanakwaya wetu wengi husoma sol-fa, yaani do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi, kwa ufasaha wa kupendeza, na ujuzi huo hautupwi, kwani sikio lao limeshafundishwa umbali kati ya sauti na sauti. Kinachobaki ni kujifunza urefu wa kila nota na wa kila kimya.

Ala hizi si za wanaume?

Anayeuliza hivyo Dodoma ananishangaza. Katika ngoma ya muheme, wapigaji ni wanawake wa Kigogo, wanaosimama na ngoma zilizobanwa kati ya mapaja, nao hupiga kwa mikono mitupu midundo inayopishana ambayo mimi, pamoja na vyeti vyangu, sijawahi kuinakili yote kwenye karatasi. Katika orkestra, jina linalotajwa mara nyingi zaidi kwa wapigaji wa pekee ni la Evelyn Glennie, mwanamke wa Uskoti aliyezaliwa mwaka 1965.

Glennie pia ndiye jibu langu kwa mzazi wa mtoto mwenye usikivu hafifu. Alipoteza sehemu kubwa ya usikivu wake akiwa na miaka 12, akajifunza kutambua sauti kwa mtetemo mwilini, na mara nyingi hupiga bila viatu ili aihisi sakafu. Mlango haujafungwa, ingawa njia yake ni ndefu zaidi.

Kazi hii huharibu masikio?

Huweza kuharibu, na usikivu uliopotea kwa kelele haurudi. Kipimo kinachotumika kulinda wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinapoongezeka muda ulio salama hupungua nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100, kiwango ambacho snea hukifikia kwa urahisi chumbani, muda huo ni dakika 15 tu. Mwanafunzi wangu hapigi snea halisi ndani bila vizibo vya masikio, na hapo sina mjadala.

Nisome wapi?

Hapa nchini, TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, hutoa astashahada na stashahada, na ni mahali pazuri kwa anayetaka ngoma za asili na muziki kwa pamoja. Shahada ya muziki hupatikana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira huko Usa River, Arusha. Anayelenga ualimu wa shule aulizie Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kinachojulikana kwa masomo ya sanaa. Anayetaka kubobea kwenye timpani na marimba ya orkestra ajiandae kuongeza masomo nje, na Afrika Kusini ni karibu kuliko Ulaya.

Usidharau pia shule iliyo mlangoni. Mimi nilianzia kwenye bendi ya matarumbeta ya kanisa, nikiwa na besi dramu iliyonizidi kimo, na mzee aliyetufundisha alikuwa na kanuni moja: anayeharakisha hubeba ngoma za wenzake kurudi nyumbani. Nilibeba nyingi.

Je, inalipa?

Jibu la kweli ni kwamba kupiga peke yake hakulipi, na kufundisha hulipa kwa kadiri. Hakuna orkestra ya simfoni hapa nchini inayokuajiri kwa mshahara wa kila mwezi. Barani Afrika, ajira ya namna hiyo iko katika miji michache kama Cairo na Cape Town, na hata huko nafasi ya timpani ni moja, na aliyeikalia anaweza kuikalia miaka 30. Orkestra ya Kimbangu ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994, ilijengwa na watu waliokuwa na kazi nyingine mchana na kufanya mazoezi jioni, na huo ndio mfano ulio karibu zaidi na hali yetu.

Wiki yangu basi iko hivi. Siku za kazi niko darasani asubuhi. Alasiri nina wanafunzi binafsi, kila mmoja kwa dakika 45, na wengi wao hujifunza kinanda, kwa hiyo mpigaji wa midundo asiyejua kinanda atalala njaa hapa. Jioni mbili ni za kwaya na bendi. Jumamosi huwa na harusi au hafla, ambazo zimeongezeka tangu serikali ihamie rasmi Dodoma. Orkestra huja mara chache kwa mwaka, Dar es Salaam au Nairobi. Treni ya mwendokasi iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imenisaidia sana, kwa sababu sasa naweza kufanya mazoezi Dar es Salaam bila kukesha barabarani, ingawa besi dramu bado husafiri kwa lori.

Mapatano ya malipo yaandikwe kabla ya kazi. Nimewahi kupiga siku tatu mfululizo kwenye tukio kubwa kwa ahadi ya mdomo, na mwishoni nikapewa bahasha yenye nauli na shukrani nyingi. Msanii ajisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) pia, kwa kuwa anayekodi kwa hafla rasmi huomba kuona usajili.

Bendi za majeshi ni njia nzuri?

Ni njia ya heshima, na ndiyo ajira ya kudumu ya muziki iliyo wazi zaidi nchini. Polisi, JWTZ na Magereza wana bendi zenye snea, besi dramu na matoazi, na nidhamu ya mwendo inayofundishwa humo ni ya hali ya juu. Ieleweke tu kwamba unaingia kwanza kama askari, kwa mafunzo na masharti ya askari, na muziki hufuata.

Unafundishaje darasa la watoto 60 lisilo na ala?

Kwa viganja, madawati na midomo. Nagawa darasa makundi matatu: la kwanza hupiga pigo la msingi kwa mguu, la pili hupiga makofi mahali palipoachwa wazi, na la tatu hutamka mdundo kwa silabi. Watoto wengi wa Dodoma tayari wanabeba midundo ya mbili dhidi ya tatu, yaani mapigo mawili na matatu yakienda kwa wakati mmoja, kutoka nyumbani, jambo ambalo wanafunzi wa vyuo vya Ulaya hulisomea kwa jasho. Ninachowaongezea ni uwezo wa kukiona kwenye karatasi kile ambacho mwili unakijua tayari. Tukifika hapo, nawaandikia ubaoni mdundo wanaoucheza kila siku, nao hukaa kimya kwanza, kisha mmoja huanza kuugonga dawatini, na wengine humfuata kabla sijasema neno.

Ala zinaposhindikana kununuliwa, lawama haiko kwenye fedha peke yake. Shule moja niliyowahi kufundisha ilinunua ngoma mpya kwa ajili ya mahafali, ikazifungia stoo kesho yake, na ufunguo ukahama na mtunza stoo. Zilipofunguliwa mwaka uliofuata, panya walikuwa wamekula vichwa vya sufi vya vijiti vyote.

Ukame wa Dodoma unaathiri ala?

Unaathiri sana. Kati ya Mei na Novemba hewa hukauka, ngozi ya mnyama hujikaza, na ngoma iliyoachwa juani huweza kupasuka ikiwa imesimama yenyewe. Masika yakiingia ngozi hulegea, na ndiyo maana wapigaji wetu huzipasha moto kabla ya ngoma kuanza. Ngozi za plastiki hazina tatizo hilo, ila mbao zinalo. Vibao vya marimba hutengenezwa kwa miti kama roswudi na padauki, na hapa tumejaliwa ndugu zao wa damu, kwani mpingo ni wa jenasi moja na roswudi, na mninga ni wa jenasi moja na padauki. Nimechonga vibao vya mazoezi kwa mabaki ya mninga kutoka kwa seremala. Uzi hupitishwa karibu asilimia 22 ya urefu kutoka kila ncha, mahali ambapo ubao hautetemi, na sauti hushushwa kwa kuuchimba ubao katikati, upande wa chini. Mbao iwe imekauka kabisa, la sivyo sauti itapanda yenyewe ifikapo Agosti.

Siku ya kwanza mwanafunzi aje na nini?

Penseli, kifutio na daftari. Vijiti nitampa.